Nani awateue wanaowasimamia majaji? Ulinganisho wa tume za mahakama kutoka nchi tatu za Ziwa Victoria na majimbo mawili ya Marekani

Kila mjadala wa Katiba Mpya unaporejea hapa Mwanza, iwe katika semina za wasaidizi wa kisheria au katika vijiwe vya kahawa vya Kirumba, watu huzungumzia madaraka ya Rais, tume ya uchaguzi na muundo wa Muungano. Ni nadra kumsikia mtu akiitaja Ibara ya 112. Hata hivyo ibara hiyo ndiyo inayosema ni akina nani wanaokaa katika Tume ya Utumishi wa Mahakama, chombo ambacho humshauri Rais kuhusu uteuzi na nidhamu ya majaji wa Mahakama Kuu, na ambacho chenyewe huteua mahakimu na kusimamia nidhamu yao. Mwananchi anayeingia katika Mahakama ya Mwanzo akidai deni la magunia ya dagaa hukutana na hakimu aliyewekwa pale na Tume hiyo, na akitendewa isivyostahili, malalamiko yake huishia mikononi mwa Tume hiyo hiyo.

Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa na Bunge Maalumu mwaka 2014, na kura ya maoni iliyokuwa imepangwa Aprili 2015 ikaahirishwa. Mchakato utakapofufuliwa, tutaulizwa tena maoni yetu, na itafaa tuwe tumekwisha kujiuliza ni njia ipi ya kuwapata wajumbe wa Tume tunayoitaka. Bahati nzuri mifano haiko mbali. Nchi tatu zinazogawana ziwa hili zilirithi mfumo mmoja wa sheria kutoka kwa Mwingereza, lakini kila moja imejibu swali hili kwa njia yake. Nimeongeza majimbo mawili ya Marekani, California na New York, kwa sababu tume zao ziliundwa mahususi kwa ajili ya kupokea na kuchunguza malalamiko dhidi ya majaji, na njia yao ya kugawana uteuzi haina mfano katika ukanda wetu.

Msomaji azingatie tofauti moja kabla ya kuendelea. Tume za Tanzania, Kenya na Uganda zina kazi mbili kwa pamoja: zinashiriki kuwapata majaji na zinashughulikia nidhamu. Tume za California na New York zinahusika na mwenendo wa majaji tu, kwani huko majaji hupatikana kwa njia nyingine, zikiwemo kura za wananchi na uteuzi wa Gavana. Kwa hiyo ninacholinganisha hapa ni namna wajumbe wanavyofika mezani, wala si kazi yote wanayoifanya wakishafika.

Tanzania: wajumbe 6, mteuzi mmoja

Ibara ya 112 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inataja wajumbe sita. Mwenyekiti ni Jaji Mkuu. Wengine ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji mmoja wa Mahakama ya Rufani ambaye Rais humteua baada ya kushauriana na Jaji Mkuu, Jaji Kiongozi wa Mahakama Kuu, na watu wawili wanaoteuliwa na Rais. Mbunge haruhusiwi kuteuliwa katika nafasi hizo mbili za mwisho.

Ukimfuatilia kila mjumbe hadi kwenye chanzo cha madaraka yake, utakuta kwamba wote sita wamefika hapo kwa uteuzi wa Rais. Jaji Mkuu huteuliwa na Rais, Jaji Kiongozi huteuliwa na Rais, Mwanasheria Mkuu huteuliwa na Rais na hushika madaraka mpaka Rais atakapofuta uteuzi wake, na watatu waliobaki huingia kwenye Tume kwa uteuzi wa Rais moja kwa moja. Hakuna kura ya majaji wenyewe, hakuna jina linaloletwa na mahakimu, Bunge halithibitishi yeyote, na Chama cha Mawakili wa Tanganyika hakina kiti.

Haitakuwa haki kudai kwamba kwa sababu hiyo wajumbe hawana msimamo wao. Majaji wana ulinzi wa ajira hadi umri wa kustaafu, na mahakama zetu zimetoa hukumu nzito zisizompendeza mwenye nguvu. Hapa hapa Mwanza, mwaka 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua katika shauri lililotoka Kagera kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi sawasawa na mwanamume, ingawa mila iliyoandikwa ilisema vinginevyo. Hukumu ile bado inasomwa katika vyuo vya sheria. Ilitoka kwa jaji aliyeteuliwa kwa utaratibu wetu wa kawaida, na ninaitaja kwa heshima. Lakini ujasiri wa jaji mmoja ni sifa yake yeye, na Katiba huandikwa pia kwa ajili ya siku ambayo mwenye ujasiri hayupo.

Jambo linalonisumbua zaidi katika orodha yetu ni kiti cha Mwanasheria Mkuu. Serikali ni mdaawa wa kila siku mahakamani: katika mashauri ya ardhi, ya kodi, ya uchaguzi, ya fidia kwa waliopisha miradi. Mshauri mkuu wa sheria wa mdaawa huyo ni mmoja kati ya watu sita wanaoamua hakimu yupi ateuliwe na yupi achukuliwe hatua. Kenya na Uganda nazo zimemweka Mwanasheria Mkuu ndani ya tume zao, kwa hiyo si kasoro yetu peke yetu, ila kwao sauti yake imezungukwa na sauti nyingi zaidi.

Kenya: kura za wenzao

Ukivuka mpaka wa Sirari na kuelekea Kisumu, unaingia katika nchi iliyoamua jambo hili kwa namna tofauti kabisa. Ibara ya 171 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina wajumbe 11. Mwenyekiti ni Jaji Mkuu. Majaji wa Mahakama ya Juu wanamchagua mwenzao mmoja, majaji wa Mahakama ya Rufani wanamchagua wao, na chama cha majaji na mahakimu kinachagua jaji mmoja wa Mahakama Kuu na hakimu mmoja, ambao lazima mmoja wao awe mwanamke na mwingine mwanamume. Mawakili nao, kupitia Chama cha Wanasheria wa Kenya, wanachagua wawili, mwanamke na mwanamume, kila mmoja mwenye uzoefu wa miaka isiyopungua 15. Yumo Mwanasheria Mkuu, yumo mtu aliyependekezwa na Tume ya Utumishi wa Umma, na wamo mwanamke na mwanamume wasio wanasheria wanaowakilisha wananchi, ambao Rais huwateua kwa idhini ya Bunge la Taifa.

Hesabu yake ni hii: kati ya 11, sita wanafika kwa kura. Hata Rais akiwa na wajumbe wanaomsikiliza miongoni mwa wengine wote, bado hajafikia nusu. Kwa hakimu wa kawaida, yule anayefanya kazi katika mji mdogo wa kando ya ziwa, kuwa na mwakilishi aliyempigia kura ndani ya chombo kinachoamua kupandishwa kwake cheo na nidhamu yake ni jambo kubwa, na kwetu halipo.

Matokeo yake yalionekana mapema. Mwaka 2011 tume hiyo iliwahoji hadharani waombaji wa nafasi ya Jaji Mkuu, watu wakitazama kwenye televisheni, na aliyepatikana alikuwa Willy Mutunga, aliyejulikana zaidi kwa harakati za haki za binadamu kuliko kwa kukaa kwenye kiti cha ujaji. Sidhani kama tume ya watu sita walioteuliwa na mtu mmoja ingethubutu kupeleka jina kama hilo.

Lakini kura hazikumaliza mvutano, ziliuhamishia mahali pengine. Mwaka 2018 majaji wa Mahakama ya Rufani walimchagua tena Jaji Mohammed Warsame kuwa mwakilishi wao, na jina lake likapelekwa bungeni kana kwamba ni mteule wa Rais anayehitaji kuidhinishwa. Mahakama Kuu iliamua kwamba mjumbe aliyechaguliwa na wenzake hahitaji idhini ya Bunge. Mwaka uliofuata tume ilipendekeza majina ya majaji wapya 41; Rais Uhuru Kenyatta hakuwaapisha hadi Juni 2021, alipowateua 34 na kuwaacha sita, mmoja akiwa amekwisha kufariki. Hao sita waliteuliwa na Rais William Ruto Septemba 2022. Somo ninalolipata hapo ni kwamba ibara inayosema Rais atateua kwa mapendekezo ya tume haitoshi. Inahitaji kutaja siku ambazo uteuzi lazima uwe umekamilika, na kinachofuata zisipozingatiwa.

Kasoro nyingine ya Kenya haizungumzwi sana, nami naiona ni nzito. Wakili anayetaka kura za mawakili wenzake lazima afanye kampeni, na wanaompa kura ndio wanaosimama kila siku mbele ya majaji ambao yeye atawasimamia. Jaji anayeomba kura za majaji anaomba kwa watu ambao kesho huenda akapaswa kupokea malalamiko dhidi yao. Kumchagua msimamizi wako ni haki nzuri kwa upande wa uteuzi na upandishaji vyeo. Kwa upande wa nidhamu, haki hiyo hiyo inaweza kugeuka kinga. Waswahili wamekwisha kulisema: kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere.

Uganda: majina kutoka nje, idhini ya Bunge

Uganda imesimama katikati. Kwa mujibu wa Ibara ya 146 ya Katiba ya mwaka 1995, wajumbe wote wa tume yao huteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge, lakini baadhi ya majina hayatoki kwake. Tume ya Utumishi wa Umma inapendekeza mtu mmoja, na Chama cha Wanasheria wa Uganda kinapendekeza mawakili wawili wenye uzoefu wa miaka isiyopungua 15. Rais anapendekeza jaji mmoja wa Mahakama ya Juu baada ya kushauriana na majaji, pamoja na raia wawili wasio wanasheria. Mwanasheria Mkuu ni mjumbe kwa wadhifa wake.

Ubora wa Uganda uko kwa mwenyekiti. Katiba inataka mwenyekiti na makamu wake wawe watu wenye sifa za kuwa majaji wa Mahakama ya Juu, lakini inamtoa waziwazi Jaji Mkuu, Naibu wake na Jaji Kiongozi. Anayeendesha mahakama siku kwa siku si yeye anayeongoza kikao cha kupokea malalamiko dhidi ya mahakama.

Udhaifu wake ni kwamba idhini ya Bunge ina uzito pale tu ambapo Bunge lina desturi ya kukataa. Pale ambapo chama cha Rais ndicho chenye wabunge wengi, idhini inaweza kuwa hatua ya kupita tu. Tusidanganyike kwa kuona neno "Bunge" limeandikwa.

California na New York: hakuna mwenye nusu

California iliunda tume yake mwaka 1960, ya kwanza ya aina yake nchini Marekani, na leo kila jimbo la nchi hiyo lina chombo cha namna hiyo. Mwanzoni ilikuwa na wajumbe tisa, na watano kati yao walikuwa majaji. Mwaka 1994 wananchi walipiga kura kuibadilisha. Sasa wajumbe ni 11: majaji watatu wanaoteuliwa na Mahakama ya Juu ya jimbo, mawakili wawili wanaoteuliwa na Gavana, na raia sita wasio majaji wala mawakili, ambao wawili kati yao huteuliwa na Gavana, wawili na kamati ya Seneti na wawili na Spika wa Baraza la Wawakilishi. Mabadiliko hayo hayo yaliifanya mikutano ya kusikiliza mashtaka rasmi dhidi ya jaji iwe wazi kwa umma.

New York nayo ina wajumbe 11. Gavana huteua wanne, Jaji Mkuu wa jimbo huteua watatu, na viongozi wanne wa mabunge mawili ya jimbo huteua mmoja mmoja. Viongozi hao wanne ni wa pande zote mbili, walio wengi na walio wachache katika kila bunge, kwa hiyo upinzani una uhakika wa viti viwili bila kumwomba mtu. Mwenyekiti huchaguliwa na wajumbe wenyewe.

Katika majimbo yote mawili mteuzi mwenye viti vingi kuliko wengine ni Gavana, naye ana vinne kati ya 11. Ili mtu ailazimishe tume kumlinda jaji rafiki au kumwandama jaji adui, itambidi awapate washirika katika ofisi ambazo hazimtegemei yeye. Nimeupenda mpango huu kuliko wa Kenya kwa sababu hauwapi wajumbe waliochaguliwa na wenzao wa kazi wingi wa viti, na kuliko wa Uganda kwa sababu mgawanyo wa wateuzi hauwezi kufutwa na chama kimoja kushika Bunge. Tukumbuke hata hivyo kwamba majaji wa majimbo hayo wengi wao huwarudia wapiga kura kwa vipindi, na kwa hiyo tume siyo njia yao ya mwisho ya kuwajibishwa. Kwetu ndiyo karibu njia yote.

Raia wasio wanasheria

Viti vilivyotengwa kwa raia wa kawaida ni viwili kati ya 11 kwa Kenya, viwili kati ya tisa kwa Uganda ukimhesabu Mwanasheria Mkuu, na sita kati ya 11 kwa California. Katika Ibara yetu ya 112 hakuna hata kimoja kilichotengwa.

Wanasheria wengi ninaozungumza nao hawapendi wazo la kuongeza raia. Hoja yao ni kwamba mtu asiyesomea sheria hawezi kutofautisha hukumu mbaya na mwenendo mbaya, na kwamba kila aliyeshindwa kesi ataigeuza tume kuwa mahakama ya rufaa. Hoja ina ukweli ndani yake. Asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo anapaswa kukata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, na wala si kumlalamikia hakimu. Lakini kazi ya kuchuja malalamiko hufanywa na sekretarieti yenye wanasheria kabla hayajafika kwa wajumbe, na baada ya hapo kinachobaki ni maswali ambayo mtu yeyote mzima anaweza kuyajibu: je, hakimu alikuja kazini, je, alimtukana shahidi, je, alipokea kitu, je, faili lilipotea na nani alilishika mara ya mwisho?

Zaidi ya hapo, mwanasheria huzoea. Shauri likiahirishwa mara nyingi mfululizo, sisi tuliozoea korido za mahakama tunaliita jambo la kawaida. Mama aliyefunga meza yake ya samaki Mwaloni, akapanda daladala asubuhi, akaambiwa saa sita mchana kwamba mheshimiwa yuko semina na arudi mwezi ujao, haoni ukawaida wowote, na yeye ndiye mwenye macho yanayohitajika katika kikao cha nidhamu.

Muda wa kukaa na namna ya kuondolewa

Wajumbe wa Kenya, mbali na Jaji Mkuu na Mwanasheria Mkuu, wana miaka mitano na wanaweza kurudi mara moja. California na New York wana miaka minne. Vipindi hivi havinipi shida. Swali zito ni nani anaweza kumtoa mjumbe kabla ya muda wake, kwa sababu mjumbe anayeweza kuondolewa na aliyemteua bado yuko chini yake.

Kenya ilijaribiwa kwa hili kuanzia Oktoba 2013. Tume ilimfukuza Msajili Mkuu wa Mahakama, suala likafika bungeni, na Rais akaunda jopo la kuwachunguza wajumbe sita wa tume. Mahakama Kuu ililisimamisha jopo hilo. Wajumbe walibaki kwa sababu Katiba ilikuwa imeandika hatua za kumwondoa mjumbe, na hatua zilizoandikwa zinaweza kupimwa mahakamani. Kwa upande wetu, Mwanasheria Mkuu anaweza kuondoka katika Tume siku yoyote Rais atakapofuta uteuzi wake, na hakuna cha kupima.

Kuhusu kumwondoa jaji mwenyewe, Tanzania hutumia Ibara ya 110A: Rais akiona suala linahitaji uchunguzi, anateua tume maalumu yenye mwenyekiti na wajumbe wengine wasiopungua wawili, na angalau nusu yao lazima wawe majaji au waliopata kuwa majaji katika nchi ya Jumuiya ya Madola. Kenya nayo ina jopo linaloteuliwa na Rais, ila anayeanzisha ni tume, kwa hiari yake au baada ya kupokea ombi la mtu yeyote, na Rais ana siku 14 za kutekeleza. Tofauti ni ya msingi: kwao raia anaweza kuusukuma mlango wa kwanza, kwetu mlango huo unafunguliwa kutoka ndani.

Ningechagua nini

Kama ningeulizwa leo, ningependekeza Tume ya wajumbe 11. Jaji Mkuu angebaki mwenyekiti katika masuala ya uteuzi, kwa sababu anawajua mahakimu na mahitaji ya kanda zote, lakini katika vikao vya nidhamu angempisha mwenyekiti aliyechaguliwa na wajumbe, kwa kufuata moyo wa Uganda. Jaji mmoja wa Rufani, jaji mmoja wa Mahakama Kuu na hakimu mmoja wangechaguliwa na wenzao kama Kenya. Mawakili wawili, mwanamke na mwanamume, wangechaguliwa na Chama cha Mawakili wa Tanganyika. Mmoja angependekezwa na Tume ya Utumishi wa Umma. Waliobaki wanne wangekuwa raia wasio wanasheria: wawili wa Rais, mmoja wa Spika na mmoja wa chama cha upinzani chenye wabunge wengi kuliko vingine. Nimeandika hivyo kwa makusudi badala ya kumtaja Kiongozi wa Kambi Rasmi ya Upinzani, kwa kuwa Bunge lililotokana na uchaguzi wa 2020 lilionyesha kwamba kambi hiyo inaweza kukosekana. Mwanasheria Mkuu angealikwa kutoa maoni bila kupiga kura.

Anayeona viti vya raia ni vingi mno na achukue muundo wa Kenya kama ulivyo. Bado atakuwa amepiga hatua kubwa. Anayeogopa kampeni za mawakili na achukue wa Uganda, ila adai idhini ya theluthi mbili ya wabunge. Muundo ambao siwezi kuutetea ni wa kubaki tulipo.

Ngazi ya wilaya, ambayo haisubiri Katiba

Nimeacha mwisho jambo ambalo kwa mkazi wa Ukerewe, Sengerema au Magu lina uzito kuliko Ibara ya 112 yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011 iliunda kamati za maadili ya maofisa wa mahakama katika mikoa na wilaya. Kamati ya wilaya hushughulikia malalamiko dhidi ya mahakimu wa Mahakama za Mwanzo, na ya mkoa hushughulikia yale dhidi ya mahakimu wa wilaya na mahakimu wakazi. Wazo ni jema, kwani linamwokoa mlalamikaji wa Nansio asisafiri hadi Dodoma. Lakini mwenyekiti wa kamati ya wilaya ni Mkuu wa Wilaya, na mwenyekiti wa kamati ya mkoa ni Mkuu wa Mkoa.

Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa Mkuu wa Wilaya mamlaka ya kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa mahabusu hadi saa 48, na sheria hiyo hiyo inataka mtu huyo afikishwe mahakamani ndani ya muda huo. Tuseme mvuvi amekamatwa kwa amri ya namna hiyo baada ya ugomvi wa mwalo, akaletwa mahakamani, na hakimu kijana akaona hakuna kosa, akamwachia. Wiki chache baadaye yanaletwa malalamiko kwamba hakimu huyo ni mchelewaji. Anayeongoza kikao cha kumjadili ni yule ambaye amri yake hakimu aliitengua. Huenda Mkuu wa Wilaya akawa mtu muungwana, asilipize. Hakimu hana namna ya kulijua hilo kabla hajaandika uamuzi wake, na woga huo humkalia begani wakati kalamu iko mkononi.

Hakuna jimbo wala nchi niliyoitaja hapo juu inayompa mwakilishi wa serikali kuu katika wilaya kiti cha namna hiyo katika tume yake. Kamati hizi zinaweza kubaki, kwa sababu ukaribu wake na wananchi ni faida, lakini uenyekiti uende kwa mtu anayechaguliwa na wajumbe wa kamati wenyewe, na miongoni mwa wajumbe wawemo raia wasio watumishi wa Serikali ambao majina yao yanapendekezwa na vyama vya wakulima, wavuvi na wafanyabiashara wa wilaya, pamoja na mashirika ya dini. Mkuu wa Wilaya anaweza kuwasilisha malalamiko kama mwananchi mwingine yeyote.

Hilo halihitaji Bunge la Katiba wala kura ya maoni. Ni marekebisho ya vifungu vichache vya sheria ya kawaida, na mbunge yeyote wa mkoa huu anaweza kuyapeleka Dodoma kama muswada binafsi.